Seva Ikae Wapi? Safari Ndefu ya Swali Moja Ukambani

Ukitoka Mombasa kwa barabara kuelekea Nairobi, Makueni inakupokea Mtito Andei na haikuachi upesi. Kibwezi, Makindu, Emali, Salama, Malili: miji hii yote imejipanga kwenye ukanda mmoja ambamo barabara kuu, reli ya zamani na reli ya SGR zinafuatana. Katika ukanda huohuo zinapita nyaya za faiba zinazopandisha data kutoka Mombasa, zinakotua nyaya za baharini, hadi Nairobi. Hivyo basi, sehemu kubwa ya intaneti ambayo Mkenya wa bara ameitumia tangu mwaka 2009 imepitia Makueni. Lakini kupitiwa na waya si kuunganishwa nao, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua jinsi watu wa Wote, Kitui na Mwingi walivyojibu swali ambalo mafundi hulichukulia kuwa lao peke yao: programu inayotumiwa mtandaoni iwekwe kwenye seva ya aina gani, seva ngapi, na seva hizo zikae wapi?

Jiografia ya swali hili ni ya zamani. Katikati ya karne ya 19, njia za biashara za pwani na bara zilikuwa mikononi mwa Wakamba, na Kitui ilikuwa kituo kikubwa. Mfanyabiashara Kivoi, ambaye misafara yake ya pembe ilijulikana hadi Mombasa, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Nusu karne baadaye reli ya Uganda, pamoja na nyaya zake za simu ya maandishi, ilipita Kibwezi na Makindu na kuiacha Kitui kando. Mhimili wa mawasiliano ulihamia kusini na haujarudi. Makueni yenyewe ilibaki sehemu ya Machakos hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1992, kwa hivyo hata faili za karatasi za watu wake zilikuwa zikitunzwa kwingine.

Tovuti za mwanzo kabisa hazikumpa mtu shida ya kuchagua. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti pale CERN, Uswisi, kati ya 1989 na 1991, ukurasa ulikuwa faili tu. Ukiuomba, mashine inakupa kama ulivyo. Ugumu ulianza pale ukurasa ulipotakiwa kutengenezwa papo hapo kwa ajili ya aliyeuomba. Mwananchi anaandika nambari ya kitambulisho, programu inakwenda kwenye hifadhidata kuuliza kama ombi lake la basari limepita, kisha inaandika jibu linalomhusu yeye na si mwingine. Hapo kuna kazi tatu: kupokea maombi, kufikiri, na kukumbuka. Historia nzima ya kupanga seva ni historia ya kuamua kama kazi hizo tatu zitakaa kwenye mashine moja au zitatenganishwa.

Mwaka 1995 ulikuwa wa neema kwa wenye mfuko mdogo. Ndani ya mwaka huo mmoja zilitokea Apache, PHP ya Rasmus Lerdorf na MySQL. Ukizichanganya na Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, unapata seva kamili isiyolipiwa leseni hata moja, ndani ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Mpangilio huo wa vitu vyote mashine moja ndio uliojenga sehemu kubwa ya wavuti wa dunia, na kwa maoni yangu ndio ambao ofisi nyingi za kaunti bado zingestahili kuanza nao leo kabla ya kusikiliza mauzo ya mtu yeyote.

Kenya ilikuwa inaingia mtandaoni miaka hiyohiyo. Africa Online, kampuni iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosomea Marekani, na Formnet zilianza kuuza intaneti Nairobi katikati ya miaka ya 1990. Njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa moja, setilaiti, na mwenye ruhusa ya kuiendesha alikuwa shirika la posta na simu la serikali, ambalo mwaka 1998 lilizindua mtandao wa Jambonet. Setilaiti za aina hiyo zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka. Jumla ni kama kilomita 143,000, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kabla seva haijafanya kazi yoyote. Gharama nayo ilikuwa ya kutisha. Ndiyo maana Mkenya aliyekuwa na tovuti wakati huo aliiweka Marekani bila kusita. Kuiweka Nairobi kungemaanisha kulipia setilaiti kila mtu wa nje anapoifungua, na hata Mkenya mwenzake aliyeunganishwa na kampuni nyingine ya Nairobi angeifikia kwa kupitia ng'ambo, kwa sababu kampuni za hapa hazikuwa na mahali pa kukutania.

Mahali hapo palipatikana kwa ugomvi. Kampuni za intaneti, chini ya chama chao TESPOK, zilifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Telkom, kampuni ya simu iliyorithi lile shirika la serikali, ililalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na tume ya mawasiliano ikakifunga kituo baada ya kama wiki mbili. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mwaka huohuo wa 2002 iliundwa KENIC kusimamia majina ya tovuti ya .ke. Kuanzia hapo ndipo inapowezekana kuzungumzia seva ya Kenya kwa maana kamili: mashine iliyo nchini, yenye jina la nchini, inayofikiwa na mtu wa nchini bila data yake kupanda angani.

Mtu wa nchini kwa wakati huo, hata hivyo, alimaanisha mtu wa Nairobi na labda Mombasa. Huko Kyuso, kaskazini mwa Mwingi, shirika la ALIN liliendesha kituo cha maarifa ambako wakulima walisoma na kuandika habari za ukame, mbegu na bei za mazao. Katika vituo kama hivyo mashine iliyotunza maandishi ilikuwa papo hapo chumbani. Mtandao ulipokuwepo ulipeleka na kuleta, na ulipokosekana kazi iliendelea. Wataalamu wa siku hizi wana majina marefu ya mpango huo. Huko Kyuso ulitokana na hali halisi tu.

Miaka ya katikati ya 2000 mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, moja kusini na jingine baharini. Kusini, timu ya wahandisi wa Amazon mjini Cape Town, ikiongozwa na Chris Pinkham, ilitengeneza huduma ya kukodisha seva kwa saa, EC2, iliyotangazwa Agosti 2006. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba kitu kinachoitwa wingu, ambacho Waafrika wengi hukidhani cha Marekani kabisa, kilitengenezwa sehemu kubwa katika ardhi ya Afrika, ingawa Amazon haikufungua vituo vyake vya data vya Cape Town hadi 2020. Baharini, waya wa SEACOM ulianza kazi Mombasa Julai 2009, TEAMS ukafuata mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Safari ya data kwenda Ulaya ikashuka hadi karibu milisekunde 150, na bei ikaanza kuporomoka.

Kati ya matukio hayo mawili pana Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi zilipokuwa zinaendelea, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walijenga Ushahidi kwa siku chache: ramani iliyopokea taarifa za watu kwa simu na mtandao. Toleo lake lililosambazwa kwa wote liliandikwa kwa PHP, na data zake zikatunzwa kwenye MySQL. Programu iliyokuja kutumika duniani kote ilitumia zana zilezile za 1995 ambazo mwanafunzi wa Kwa Vonza, Kitui, angeweza kuzipakua bure.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa afya, kwa sababu ndani yake majibu mawili yanayopingana yote yalikuwa sahihi.

La kwanza lilitoka Eldoret. Mradi wa AMPATH ulianza na kumbukumbu za kielektroniki katika kituo cha Mosoriot mwaka 2001, na mwaka 2004 kazi hiyo ikazaa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa. Kenya baadaye iliijengea toleo lake, KenyaEMR, lililosambazwa katika vituo vingi vya tiba ya virusi vya ukimwi. Katika hospitali inayoitumia, seva mara nyingi ni kompyuta iliyo ndani ya jengo lenyewe. Nesi wa chumba cha mashauriano na mhudumu wa duka la dawa wameunganishwa nayo kwa waya mfupi. Faiba ikikatwa na tingatinga la wajenzi wa barabara, mgonjwa hatambui. Taarifa za jumla hupelekwa kwenye ghala la data la taifa baadaye, mtandao unaporuhusu. Hasara yake ni kwamba kila kituo ni kisiwa: lazima kiwe na betri ya akiba, mtu wa kubadilisha diski iliyokufa, mtu wa kusasisha programu, na kufuli mlangoni. Ukizidisha hayo kwa vituo vya Kitui, kaunti yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, kutoka Tseikuru hadi Mutha, utajua kwa nini fundi anaweza kumaliza wiki nzima barabarani.

La pili lilihusu takwimu za wizara. DHIS2, programu iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ililetwa Kenya kukusanya ripoti za kila mwezi kutoka wilayani: watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungulia kituoni, visa vya malaria. Wazo la kawaida wakati huo lilikuwa kufunga nakala katika kila wilaya. Lakini majaribio ya mkoa wa Pwani yalionyesha kuwa afisa wa rekodi mwenye modemu ya simu anaweza kuandika moja kwa moja mtandaoni, na kufikia Septemba 2011 nchi nzima ilikuwa inatumia seva moja ya kati, iliyowekwa kwenye mashine ya kukodi badala ya chumba cha wizara. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Afisa wa Makueni hakuhitaji tena fundi wa seva, alihitaji bando.

Kwa nini mfumo mmoja ukafaa hospitalini na mwingine ukafaa wizarani? Angalia nani anasubiri. Ripoti ya mwezi inaweza kuingizwa kesho mtandao ukirudi. Mgonjwa aliye mbele ya daktari hawezi kuambiwa arudi kesho kwa sababu sistimu iko chini. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kutaja jina la kampuni yoyote ya seva, na nimeona zabuni nyingi zisizoliuliza kabisa.

Kisha ukaja ugatuzi. Machi 2013 kaunti 47 zilizaliwa, na Kitui na Wote zikawa makao makuu yenye gavana, bunge, hazina na mahitaji ya kila aina: leseni za biashara, ushuru wa soko, basari, zabuni, orodha ya wafanyakazi. Kila kitu kilihitaji programu, na kila programu ilihitaji pa kukaa. Awamu ya pili ya mkonga wa taifa, NOFBI, iliyojengwa na Huawei kuanzia 2014, ilikusudiwa kufikisha faiba kwenye kila makao makuu ya kaunti. Vyumba vya seva vikajengwa. Chumba cha seva cha ofisi ya umma kina sura yake inayotambulika popote Kenya: kabati jeusi la chuma, kiyoyozi kinachodondosha maji, betri za akiba zilizonunuliwa zamani zikabaki na nguvu ya dakika chache, na jenereta ambayo dizeli yake inahitaji sahihi ya mtu aliye safarini.

Mwaka 2015 ulitokea mfano wa aina nyingine. Hadi Aprili mwaka huo mitambo ya M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, ilikuwa Ujerumani. Mama wa Zombe akitumiwa shilingi mia tano na mwanawe aliye Mutomo, rekodi ya muamala ilivuka bahari mbili kabla simu yake haijalia. Safaricom ilipoileta mitambo nyumbani, muamala uliacha kutegemea nyaya za kimataifa na ukawa wa haraka zaidi. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ilifungua mlango wa Daraja, ambao kupitia huo programu yoyote inaweza kuomba na kupokea malipo ya M-Pesa, na huo ndio uliomaliza enzi ya seva ya ofisini kwa kazi nyingi za kaunti. Sababu yake ni ndogo na ya kiufundi kabisa. M-Pesa ikishapokea pesa, inaipigia seva yako kuijulisha kwamba mteja amelipa. Seva iliyojificha nyuma ya ruta ya ofisi, isiyo na anwani ya kudumu ya intaneti, haipigiki. Pesa imelipwa, leseni haijatoka, na karani analaumiwa.

Hapa inafaa tupige hesabu kidogo, maana ndiyo hesabu inayokosekana. Chukua mashine ya kukodi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Mfumo wa uendeshaji na hifadhidata zikimeza gigabaiti 1, inabaki 1. Kila nakala ya PHP inayohudumia mtu mmoja hula, tuseme, megabaiti 50. Kwa hivyo unaweza kuhudumia watu 20 kwa wakati mmoja. Ikiwa ukurasa unachukua sehemu ya tano ya sekunde kutengenezwa, mashine hiyo ndogo inatoa kurasa 100 kwa sekunde, ambazo zinatosha kaunti nzima siku ya kawaida, na zinabaki. Sasa mwandishi wa programu afanye kosa moja: akamfanya kila mlipaji asubiri kwenye ukurasa hadi M-Pesa ijibu, sekunde 5. Nafasi 20 kwa sekunde 5 ni watu 4 kwa sekunde. Mashine ileile, mzigo uleule, na siku ya mwisho ya kulipia leseni foleni inafika barabarani. Kaunti itaambiwa inunue seva kubwa. Dawa halisi ni kuacha kusubiri: pokea ombi, liandike, mwachie mtu aende, na jibu likija lishughulikiwe kando.

Mzigo ukizidi kweli, hatua zinajulikana tangu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na kila moja iliwahi kuwa jibu la shida ya mtu. Ya kwanza ni kuipa hifadhidata mashine yake, ili kufikiri na kukumbuka visinyang'anyane kumbukumbu. Ila mashine hizo mbili zikae jengo moja au angalau mji mmoja. Ukurasa mmoja unaweza kuiuliza hifadhidata mara kumi. Ukiiweka programu Nairobi na hifadhidata Ulaya, milisekunde 150 mara kumi ni sekunde moja na nusu ya kungoja bure. Ya pili ni kuhifadhi mbele majibu yanayorudiwa, kazi iliyopewa umaarufu na memcached ya Brad Fitzpatrick mwaka 2003 na nginx ya Igor Sysoev mwaka 2004. Mtu wa Ukambani haelezwi sana hili: bwawa la mchanga linazuia maji ya mvua karibu na nyumbani ili mama asishuke hadi mto Athi kila asubuhi, na hifadhi hiyo ya mbele, inayoitwa kache, hufanya hivyo kwa majibu. Kuna pia kuweka mashine kadhaa zenye programu ileile nyuma ya msawazisha mzigo mmoja, na kuifanyia hifadhidata nakala pacha inayofuatana nayo ili wasomaji waende kwa pacha na waandishi kwa mama. Hizi mbili za mwisho ni za kazi kubwa, na kaunti inayozinunua kabla ya kupima imepoteza pesa.

Kuanzia 2017 seva ilitoka mikononi mwa mafundi. Katika kesi ya uchaguzi wa 2017, Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi iruhusu seva zake zikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na uchaguzi wa urais ukafutwa Septemba 1. Wito wa "fungua seva" ukaimbwa hata na watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Nadhani ulikuwa ukurasa mwema katika elimu ya umma, siasa zake kando. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, na yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Kitaalamu hiyo ni kazi nyepesi kuliko inavyoonekana, kwa kuwa picha ya fomu haibadiliki. Inaweza kunakiliwa na kutolewa kutoka popote.

Makueni ilikuwa imeonyesha uwazi wa aina hiyo mapema zaidi. Chini ya gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, kaunti ilijulikana kwa kuwashirikisha wananchi kuanzia kijijini, na mwaka 2019 ilizindua tovuti ya zabuni wazi kwa msaada wa Hivos na Development Gateway. Mkazi anaweza kufuata mradi kuanzia mpango, zabuni na mkataba hadi utekelezaji. Ukiitazama kama fundi, ni programu hai yenye tabia ya pekee: wanaoandika ni maafisa wachache, wanaosoma wanaweza kuwa maelfu, na data ya jana haibadiliki leo. Programu ya namna hii haihitaji mashine nyingi. Inahitaji kache nzuri, na maafisa wanaoendelea kuingiza data. Tovuti ya takwimu huria ya taifa, iliyozinduliwa na Rais Kibaki Julai 2011 kwenye jukwaa la kukodi la Socrata la Marekani, tatizo lake kuu halikuwa seva; data zake ndizo zilizochakaa.

Kilomita kama 60 hivi kutoka Nairobi, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa ranchi ya Malili, Makueni ilipata kitu kingine: mradi wa mji wa teknolojia wa Konza. Kibaki aliweka jiwe la msingi Januari 2013. Mwaka 2019 serikali ilitia saini na Huawei mkataba wa shilingi bilioni 17.5 hivi, uliojumuisha kituo cha taifa cha data. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba mwaka huohuo, na kanuni zake za 2021 zinataka data nyeti kwa taifa, zikiwemo za afya, elimu, uchaguzi na usajili wa raia, zichakatwe kwenye seva iliyo Kenya, au angalau nakala moja inayotumika iwe hapa. Baada ya miaka mingi ya kupitiwa, Makueni imekuwa mahali ambapo waya unafika na kukaa. Bado sijaona sababu ya kuamini kwamba ukaribu huo pekee umeinufaisha Wote au Kitui kuliko kaunti ya Turkana. Data haisafiri kwa maili, inasafiri kwa mikataba.

Miaka ya karibuni imejaribu kila jibu. Mwishoni mwa Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliifurika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa maombi ya uongo hadi ikazimika, wiki chache tu baada ya serikali kuhamishia humo huduma zaidi ya 5,000. Kila aliyetegemea mlango huo mmoja alikwama kwa pamoja. Agosti 25 mwaka huohuo stima ilipotea nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwa gizani, na betri za dakika chache zikajulikana thamani yake. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa Afrika Mashariki. Waliokuwa na seva Nairobi na watumiaji Kenya walikuwa na njia ya KIXP isiyohitaji bahari, huku waliokodi Ulaya wakihangaika. Na mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alitoa ripoti kwamba mfumo wa bima mpya ya afya, wa shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine. Diski hubadilishwa na waya huungwa. Mkataba uliompa mtu mwingine funguo hauungwi na fundi.

Ningeulizwa leo na ofisi ya Kitui au Wote inayotaka programu ya basari au leseni, ningesema hivi. Kodini mashine moja ya wastani katika kituo cha data kilicho Nairobi au Konza, si chini ya meza. Vitu vyote vikae humo hadi vipimo, si muuzaji, vionyeshe kwamba hifadhidata inahitaji mashine yake. Hospitali ibaki na seva yake ya ndani. Jina la tovuti na nywila kuu ziandikishwe kwa jina la kaunti, si la mkandarasi. Nakala rudufu ichukuliwe kila usiku na iwekwe mahali pengine, kwa sababu pacha wa hifadhidata si nakala rudufu: mtu akifuta orodha ya wanafunzi kwa bahati mbaya, pacha naye huifuta sekunde hiyohiyo.

Kwa wawakilishi wa wadi watakaoletewa bajeti ya seva mpya, nina ombi moja. Kabla hamjaipitisha, mtake mkuu wa TEHAMA aje na barua inayotaja tarehe ambayo nakala rudufu ilirejeshwa kwenye mashine tupu mara ya mwisho ikafanya kazi, na nani alishuhudia. Asipokuwa nayo, pesa hizo ziende kwanza kwa kazi hiyo.